Muda Unaopotea kabla ya Picha: Somo la Kupima Kiendeshi cha Michoro

Utangulizi

Mwanafunzi anayetumia kompyuta ya zamani katika maabara ya shule huzoea kusubiri. Anapofungua programu ya kuchora grafu za hisabati, au anapozungusha mfano wa molekuli ili auone kutoka pande zote, picha hukwamakwama kama gari lenye mafuta machafu. Aghalabu husemwa kwamba mashine imezeeka, na kwamba dawa yake ni kununua nyingine. Pengine ni kweli. Lakini pengine mashine ingali na nguvu za kutosha, na kinachochelewesha picha ni programu moja iliyo kati ya mchoro na skrini, ambayo hutumia muda mwingi kwa shughuli zisizo za lazima.

Hali hizo mbili hazipambanuliwi kwa kutazama, bali kwa kupima. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi gharama ya uendeshaji inavyopimwa na kupunguzwa katika kiendeshi cha michoro cha programu huria. Tutatumia hesabu za kawaida za shule ya sekondari, na mwishoni tutatoa jaribio linaloweza kufanywa hata katika darasa lisilo na kompyuta.

1. Karani na wachukuzi

Ndani ya kompyuta mna vichakataji vya aina mbili vinavyotuhusu. Cha kwanza ni kichakataji kikuu, kinachotenda amri za kila namna. Cha pili ni kichakataji cha michoro. Hiki kina visehemu vingi vidogo vinavyofanya hesabu zinazofanana kwa wakati mmoja, na ndicho kinachokokotoa rangi ya kila nukta ya skrini.

Programu ya mtumiaji haizungumzi na kichakataji cha michoro moja kwa moja. Hutoa amri katika lugha inayokubaliwa na wengi, kama vile OpenGL iliyotolewa mwaka 1992. Programu nyingine, iitwayo kiendeshi, hupokea amri hizo, huzikagua, huzitafsiri katika lugha ya mashine inayohusika, kisha huzikabidhi. Kazi hii ya kiendeshi hufanywa na kichakataji kikuu.

Tufikirie ghala la bandarini. Wachukuzi ni wengi na wana nguvu, lakini hawagusi gunia mpaka karani akague hati, aandike kitabuni na kutoa kibali. Ikiwa magunia elfu moja ni ya mwenye mali mmoja na yanakwenda mahali pamoja, lakini karani anaikagua hati ileile upya kwa kila gunia, wachukuzi watakaa kivulini wakimsubiri. Kuongeza wachukuzi hakutasaidia kitu. Muda anaoutumia karani ndio tunaouita gharama ya uendeshaji. Ni muda ambao hausogezi gunia hata hatua moja, ingawa gunia haliwezi kusogea bila huo. Kwa hiyo hatutarajii kuufuta wote. Tunatafuta sehemu yake isiyo ya lazima.

Mfano wetu katika makala haya ni Mesa, mkusanyo wa viendeshi vya michoro vya programu huria utumiwao sana katika mfumo wa Linux. Brian Paul alianza kuiandika Mesa kwa muda wake wa ziada mwezi Agosti 1993, na toleo la kwanza lilitolewa Februari 1995. Kwa kuwa msimbo wake ni huria, yeyote aweza kuusoma, kuubadilisha na kupima matokeo ya mabadiliko yake.

2. Tupime muda, tusipime kasi tu

Watu wengi hueleza wepesi wa kompyuta kwa idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde. Idadi hiyo ni rahisi kuelewa, lakini hupotosha tunapotaka kujua ni kiasi gani cha kazi kimepunguzwa.

Tuchukue mfano wa kweli. Mwezi Agosti 2012 kampuni ya Valve ya Marekani ilitangaza matokeo ya kupima mchezo wake uitwao Left 4 Dead 2. Kwenye mashine yake ya majaribio mchezo huo ulitoa picha 270.6 kwa sekunde katika Windows 7, na picha 315 kwa sekunde katika Linux. Kiendeshi kilichotumika hakikuwa cha programu huria, lakini hesabu yake inatufaa. Tofauti ya picha 44.4 yaonekana kubwa mno. Hebu tuigeuze kuwa muda wa picha moja:

1000 ÷ 270.6 = milisekunde 3.695
1000 ÷ 315 = milisekunde 3.175

Tofauti ni milisekunde 0.52 tu. Sasa tulinganishe na mashine dhaifu iliyopanda kutoka picha 30 hadi picha 31 kwa sekunde. Muda wa picha moja umeshuka kutoka milisekunde 33.33 hadi 32.26, yaani umepungua kwa milisekunde 1.07. Ongezeko la picha moja limeokoa muda mara mbili ya ule uliookolewa na ongezeko la picha 44! Ndiyo maana anayetengeneza kiendeshi hana budi kuhesabu kwa milisekunde na mikrosekunde.

Hata hivyo, nusu ya milisekunde si kitu cha kudharauliwa. Tuseme programu inatoa amri 5,000 za kuchora kwa kila picha. Mikrosekunde 0.1 ikipunguzwa katika kila amri, picha nzima itaokoa mikrosekunde 500, yaani milisekunde 0.5. Na ikiwa kila amri inamgharimu karani mikrosekunde 2, amri zote zitachukua milisekunde 10. Skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde hutoa milisekunde 16.67 tu kwa kila picha, kwa hiyo zaidi ya nusu ya muda wote itakuwa imeliwa na ukaguzi wa hati.

3. Nani anamsubiri nani?

Kabla ya kumlaumu karani, ni lazima tuhakikishe kwamba yeye ndiye anayesubiriwa. Vichakataji viwili hufanya kazi sambamba. Kichakataji kikuu kinapotayarisha picha ya pili, kile cha michoro huwa kingali kinachora ya kwanza. Kasi ya wote wawili huamuliwa na yule aliye mzito zaidi.

Kuna jaribio jepesi la kuwapambanua. Pima muda wa picha moja, kisha punguza dirisha la programu hadi nusu ya upana na nusu ya kimo, na upime tena. Sasa nukta za kupakwa rangi ni robo ya zile za mwanzo, lakini amri za kuchora ni zilezile. Ikiwa muda umepungua sana, wachukuzi ndio waliokuwa wakilemewa, na kurekebisha kazi ya karani hakutaleta faida kubwa. Ikiwa muda haukubadilika, basi yaelekea karani ndiye anayesubiriwa.

Jambo moja hudanganya wapimaji wapya. Kwa kawaida kiendeshi husubiri skrini imalize mzunguko wake kabla ya kuipa picha mpya. Skrini ikiwa na mizunguko 60 kwa sekunde, programu nyepesi na programu nzito kidogo zote zitaonyesha jibu la 60. Hapo mpimaji amepima skrini, wala hakupima kiendeshi. Katika Mesa, kusubiri huko huweza kuzuiwa kwa kukipa kigeu kiitwacho vblank_mode thamani ya 0 wakati wa kupima.

Hapa twaweza kuelewa pia udhaifu wa programu maarufu ya glxgears, inayozungusha magurudumu matatu yenye meno katika dirisha dogo. Kusubiri skrini kukizuiwa, programu hiyo huweza kuonyesha maelfu ya picha kwa sekunde. Lakini kazi ya kuchora magurudumu hayo ni ndogo mno. Kinachopimwa hasa ni gharama ya kukabidhi picha moja baada ya nyingine. Anayeitumia ili kujua kama mashine yake itamudu kazi nzito atakuwa amepima kitu kingine kabisa.

4. Kupima mara moja si kupima

Kompyuta haitoi jibu lilelile kila inapopimwa. Programu nyingine huomba nafasi, kichakataji hubadili kasi yake kwa sababu ya joto au ili kuokoa umeme, na mara ya kwanza kiendeshi hulazimika kutafsiri programu ndogo za kupaka rangi ambazo baadaye huwa zimekwisha kuhifadhiwa. Kwa hiyo mpimaji mwangalifu huacha programu iende kwa muda kabla ya kuanza kuhesabu, huzuia kichakataji kisibadili kasi, na hupima kiendeshi cha zamani na kipya kwa kupokezana, ili joto lisikidhuru kimoja na kukipendelea kingine.

Tuseme mwanafunzi amerekebisha kiendeshi na kupata vipimo vifuatavyo, kwa milisekunde. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu:

Kabla: 20.4, 20.1, 20.6, 20.2, 20.7
Baada: 19.9, 20.3, 19.8, 20.1, 19.9

Angalia vipimo vya pili katika kila mstari: 20.1 na 20.3. Mwanafunzi huyu angetumia vipimo hivyo viwili tu, angetangaza kwamba rekebisho lake limekifanya kiendeshi kiwe kizito zaidi, na pengine angelitupa. Lakini wastani wa mstari wa kwanza ni 20.4, na wa pili ni 20.0.

Je, tofauti ya 0.4 ni ya kweli au ni ya bahati? Swali hili lilijibiwa na William Sealy Gosset, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1908 kwa jina la kupanga la Student, maana yake Mwanafunzi. Njia yenyewe ni hii. Tafuta tofauti ya kila kipimo na wastani wake, izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha gawa kwa idadi ya vipimo ukiondoa moja. Mstari wa kwanza hutoa 0.26 ÷ 4 = 0.065, na wa pili 0.16 ÷ 4 = 0.040. Gawa kila jibu kwa 5, jumlisha, utapata 0.021, kipeo chake cha pili ni 0.145. Mwisho, gawa tofauti ya wastani kwa tarakimu hiyo: 0.4 ÷ 0.145 = 2.76.

Kwa makundi mawili ya vipimo vitano vitano, jedwali hutoa kikomo cha 2.306. Bahati tupu ingekivuka kikomo hicho, upande huu au ule, mara 5 tu katika mara 100. Jibu letu limekivuka. Kwa hiyo tunayo haki ya kuamini kwamba rekebisho limesaidia, ingawa kwa asilimia 2 tu.

5. Kutafuta mahali muda unapopotea

Baada ya kujua kwamba karani ndiye mzito, swali linalofuata ni hili: ni shughuli gani inayomchelewesha? Zipo njia mbili za kulijibu, nazo hukamilishana.

Njia ya kwanza ni kuchukua sampuli. Chombo kiitwacho perf, kilichoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2009, hukatiza kichakataji mara nyingi kwa sekunde na kuandika ni sehemu gani ya programu iliyokuwa ikitendeka wakati huo. Mkaguzi anayechungulia dirisha la ofisi mara elfu moja bila taarifa, na mara 400 akamkuta karani akitafuta faili kabatini, atasema bila wasiwasi kwamba kazi hiyo huchukua karibu asilimia 40 ya muda.

Njia ya pili ni kutenga shughuli moja. Katika majaribio yanayotumiwa na watengenezaji wa Mesa kuna programu iitwayo drawoverhead. Hii hutoa amri za kuchora mfululizo bila kubadilisha kitu, kisha huzitoa tena ikibadilisha jambo moja tu kati ya amri na amri, kwa mfano picha inayobandikwa juu ya umbo. Tuseme kiendeshi kinamudu amri 4,000,000 kwa sekunde bila mabadiliko, na 1,000,000 pakiwa na mabadiliko. Kila amri imechukua mikrosekunde 0.25 mara ya kwanza, na mikrosekunde 1 mara ya pili. Kwa hiyo badiliko lenyewe hugharimu mikrosekunde 0.75, mara tatu ya gharama ya amri.

Lakini tusikimbilie kurekebisha kila tunachokiona. Mwaka 1967 Gene Amdahl alionyesha kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi huwekewa mpaka na ukubwa wa sehemu hiyo. Ikiwa picha huchukua milisekunde 20, na shughuli fulani ni asilimia 40 ya muda huo, yaani milisekunde 8, kuipunguza kwa nusu kutaleta picha kwa milisekunde 16. Ikiwa shughuli ni asilimia 5 tu, hata tukiifuta kabisa picha itachukua milisekunde 19. Juhudi kubwa ikielekezwa mahali padogo huzaa matunda madogo.

6. Njia nne za kupunguza gharama

(a) Kutorudia kazi. Kiendeshi huweka alama penye kila jambo lililobadilika tangu amri iliyopita. Amri mpya inapofika, hukagua yale yenye alama tu. Karani hasomi tena hati ambayo haikubadilika.

(b) Kukusanya kazi. Kukabidhi amri kwa kichakataji cha michoro huhitaji kupitia kiini cha mfumo, na kila safari ina gharama yake. Kwa hiyo kiendeshi hujaza orodha ndefu ya amri na kuikabidhi kwa safari moja.

(c) Kutanguliza kazi. Yanayoweza kutayarishwa wakati programu inapoanza yasingoje mpaka picha inapochorwa. Lugha mpya ya michoro iitwayo Vulkan, iliyotolewa Februari 2016, imejengwa juu ya wazo hili. Humtaka mtunzi wa programu aeleze mapema sehemu kubwa ya hali atakazozitumia, ili ukaguzi ufanywe mara moja.

(d) Kugawana kazi. Mwaka 2017 Mesa iliongezewa utaratibu unaowezesha kiendeshi kutumia sehemu mbili za kichakataji kikuu. Moja hupokea amri kutoka kwa programu na kuziandika upesi, na nyingine huzifanyia kazi nyuma yake. Jumla ya kazi haikupungua, lakini programu haisubiri tena. Hata hivyo, programu ikiuliza swali linalotaka jibu papo hapo, mathalani rangi ya nukta iliyokwisha kuchorwa, pande zote mbili hulazimika kusimama na kungojana, na faida hutoweka.

7. Wepesi usio na ukweli

Haraka haraka haina baraka. Kiendeshi kinachosahau kuweka alama penye badiliko huwa chepesi sana, kwa sababu hakifanyi kazi iliyotakiwa. Lakini huchora nyumba nyekundu kwa rangi ya buluu. Kwa hiyo kila rekebisho la wepesi hufuatwa na majaribio ya usahihi. Mesa hutumia mkusanyo wa maelfu ya majaribio uitwao piglit, ambamo picha iliyochorwa hulinganishwa na ile inayotarajiwa.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya uaminifu. Mwezi Mei 2003 wenye jaribio maarufu la 3DMark03 walilazimika kutoa toleo jipya baada ya kugundua kwamba kulikuwa na viendeshi vilivyoweza kulitambua jaribio hilo na kubadili mwenendo wao lilipoendeshwa. Mwanafunzi aliyeiona mitihani kabla ya siku yake huweza kupata alama nyingi, lakini alama hizo hazituelezi alichojifunza. Msimbo ulio wazi hauondoi hila zote, ila huziweka mahali ambapo kila mwenye macho aweza kuziona.

Hitimisho

Tumeona kwamba gharama ya uendeshaji hupunguzwa kwa hatua zenye mpangilio: kujua nani anayesubiriwa, kupima muda mara nyingi, kutafuta shughuli iliyo kubwa, kubadilisha jambo moja, kisha kupima tena wepesi na usahihi. Hatua hizi si za kompyuta peke yake. Ndizo hatua za kila uchunguzi wa kisayansi.

Faida yake huwafikia hata wenye mashine za zamani. Kiendeshi cha Mesa kiitwacho r300 kimetengenezwa kwa ajili ya jamii ya chip iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, na katika miaka ya 2020 kilikuwa kingali kinarekebishwa. Kwa hiyo, kabla shule haijaitupa kompyuta kwa sababu ya uzee, na ipimwe kwanza. Huenda wachukuzi wangali na nguvu zao, wakimngojea karani.

Mazoezi

1. Programu imepanda kutoka picha 50 hadi picha 62.5 kwa sekunde. Ni milisekunde ngapi zimeokolewa kwa kila picha?

2. Programu hutoa amri 8,000 kwa kila picha, na kila amri hugharimu mikrosekunde 1.5. Je, inaweza kufikia picha 60 kwa sekunde ikiwa shughuli zake nyingine katika kichakataji kikuu huchukua milisekunde 6? Ni lazima gharama ya kila amri ishuke hadi kiasi gani?

3. Jaribio la darasani. Mwanafunzi mmoja awe karani, na wanne wawe wachukuzi. Madaftari 40 yahamishwe kutoka meza moja hadi nyingine. Mara ya kwanza karani aandike namba na kutia sahihi kwa kila daftari. Mara ya pili atie sahihi moja kwa kila madaftari kumi. Kila namna ipimwe mara tano kwa kupokezana. Tafuteni wastani, kisha tumieni njia ya Gosset kuamua kama tofauti ni ya kweli. Mwisho, ongezeni wachukuzi wawe wanane na mpime tena namna ya kwanza. Muda umebadilika kwa kiasi gani, na kwa nini?